Upepo wa Jumamosi

Tak. Kimya kidogo. Tak. Kimya. Tak.

Mama Dereva alisimama jikoni, mkono mmoja kwenye koki na mwingine kiunoni, akihesabu. Kujaza birika moja tu la chai, pampu ya kisima iliwaka na kuzimika mara kumi na moja. Wiki iliyotangulia ilikuwa mara saba. Maji yenyewe yalitoka kama mtu mwenye kwikwi: yanaruka, yanakata, yanaruka tena na kumlowesha kifua.

"Haya, Mungu wangu," akasema, akafunga koki. "Siku yenyewe ndiyo hii."

Watu walimwita Mama Dereva, ingawa maishani mwake hakuwahi kushika usukani hata wa baiskeli. Dereva alikuwa mumewe. Aliendesha lori la mizigo miaka ishirini na sita, kisha akalala siku moja asiamke, akamwachia mkewe lile jina, nyumba ya vyumba vitatu, kisima nyuma ya jiko, na mama yake mzazi. Miaka miwili ilikuwa imepita. Na kati ya yote aliyoachiwa, huyo mama mkwe, ambaye nyumbani na mtaani aliitwa Bibi tu, ndiye aliyekuwa hazina yake.

Bibi alikuwa na miaka themanini na moja. Nyonga ilimsumbua, akatembelea mkongojo wa miguu minne. Macho yalikuwa yamefifia, lakini masikio yake yalisikia hata sukari ikimwagika chumba cha pili. Jambo moja alilikataa katakata: kuogeshwa.

"Siku mtakayoniogesha," alikuwa akisema, "mnivishe na sanda moja kwa moja, msisumbuke mara mbili."

Kwa hiyo alioga mwenyewe, ameketi kwenye kistuli cha plastiki chini ya shawa, mlango umerudishwa, mkwewe amesimama nje akijifanya anakunja nguo. Utaratibu huo ulikwenda vizuri hadi maji yalipoanza kwikwi. Mwezi mmoja nyuma, Bibi akiwa na sabuni hadi masikioni, shawa ilikata, ikarudi na maji ya baridi kama barafu, halafu ya moto. Bibi aliruka. Kistuli kikaenda kwake na Bibi kwake. Hakuvunjika, Mungu mkubwa, lakini paja lilivilia damu likawa jeusi kama sufuria ya kuni.

Mwana mdogo wa Bibi, shemeji yake Mama Dereva, alikuja kumtazama mama yake, akaliona lile paja. Alikuwa mtu wa ofisini, mpole, mwenye mashati yaliyopigwa pasi mpaka mikunjo inakata.

"Shemeji, sikulaumu," alisema alipokuwa akiondoka. "Lakini Jumamosi ya mwisho wa mwezi nakuja na gari. Nikikuta maji yametengemaa, Mama anabaki. Nikikuta bado yanarukaruka hivi, namchukua. Safari nyingine hatutaokota paja, tutaokota nyonga."

Shemeji alikaa ghorofa ya nne, ngazi sitini na nane, bila lifti. Alitoka alfajiri akarudi jioni. Bibi angekaa humo mchana kutwa peke yake kwenye kochi, akisikiliza majirani wakifunga milango.

"Huko nitapanda mara moja tu," Bibi alisema siku ile baada ya gari kuondoka. "Kushuka, nitashushwa nimebebwa."

Mama Dereva hakucheka. Alikuwa akifikiria upande wake yeye, ingawa aliona haya kuufikiria. Bibi akiondoka, nyumba ingebaki na mtu mmoja na saa ya ukutani. Chai ya nani ingetiwa sukari nyingi? Nani angeitikia amina kwa sauti ya kugomba, kama anayemkumbusha Mungu ahadi?

Na sasa ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa mbili asubuhi, na fundi alikuwa bado hajafika.

Alipokuwa akimngoja, aliingia kwenye kibanda cha pampu, kijumba cha matofali nyuma ya jiko chenye upana wa hatua mbili. Ndani mlikuwa na tangi la presha, pipa la chuma la kimo cha kifua, la kijivu, lililoshika kutu miguuni. Tangi jipya la bluu lilikuwa limeletwa jana na mkokoteni, likasimama nje na karatasi zake za nailoni kama mgeni asiyejua aketi wapi.

Mama Dereva aliweka kiganja juu ya tangi la zamani. Kwa juu lilikuwa na valvu ndogo, mfano wa ile ya tairi, yenye kifuniko cheusi. Alikifungua, akabonyeza pini kwa ncha ya kijiti, akasema moyoni, "Mpumzishe mahali pema, Bwana." Muda wa kuyasema maneno hayo ndio uliokuwa muda wa kubonyeza. Ikatema maji kidogo. Akayafuta kwa kitambaa, akafunga kifuniko.

Hivyo ndivyo alivyofanya kila Jumamosi tangu mumewe alipofariki, maana hivyo ndivyo mumewe alivyokuwa akifanya. Kwenye lori, dereva mzuri hufungua matangi ya upepo wa breki kila siku na kutoa maji na uchafu uliojikusanya ndani. Marehemu alikuja na desturi hiyo mpaka nyumbani. Kila Jumamosi asubuhi, mkewe akiwa anafunga kitambaa kichwani kwenda kwenye zamu yake ya kufagia kanisa, alimwona kibandani ameinama juu ya tangi, fsss, upepo ukitoka. "Chombo lazima kikohoe," alikuwa akisema. Mke akaaga, akaenda zake na ufagio.

Alipobaki peke yake, hakujua kubadili oili wala kusoma waya, lakini jambo hilo moja alilijua. Akalishika. Mwanzoni upepo ulitoka kwa nguvu. Baadaye ukapungua. Miezi mitatu iliyopita yakaanza kutoka maji, naye akafurahi: kumbe kweli mlikuwa na uchafu, na sasa unatoka.

*

Fundi alifika saa tatu na nusu. Mtaani walimwita Dakika Mbili, kwa sababu kila kazi, hata ya kuchimbua mtaro mzima, aliahidi kuimaliza kwa dakika mbili. Alikuwa mnene, mchangamfu, na mfuko wake wa vifaa ulilia kama kengele kila alipopiga hatua.

"Mama, usiwe na wasiwasi. Dakika mbili tu."

"Ulisema saa moja, fundi," Bibi akamjibu toka kwenye kiti chake mlangoni mwa jiko. "Hizo dakika zako zinapimwa kwa saa ya nani?"

"Bibi, hata hujambo bado umeshanishtaki?"

"Sijambo. Fanya kazi."

Dakika Mbili alizima umeme wa pampu kwenye swichi kubwa, akafunga koki ya maji yaendayo ndani ya nyumba, akafungua ile ya chini ya kumwagia. Maji yakakimbilia kwenye mfereji. Halafu akaligonga tangi kwa kifundo cha kidole: juu, katikati, chini. Ndu. Ndu. Ndu.

"Umesikia? Tangi zima huku juu hulia kama debe tupu. Hili limejaa maji mpaka kooni." Akafungua kifuniko cheusi na kubonyeza pini kwa ukucha. Maji yakamrukia usoni.

"Limekutemea mate?" Bibi akauliza.

"Limenitemea, Bibi."

"Hutema kidogo," Mama Dereva akasema. "Ndiyo kawaida yake."

Lakini fundi alikuwa ameuficha uso kwenye kitambaa, hakulisikia hilo. "Mpira wa ndani umechanika," alisema akijifuta. "Hebu nikueleze, mama, uelewe unachobadilisha. Humu ndani mna mfuko wa mpira. Pampu inausukumia maji. Ubavuni mwa mpira mna upepo. Ukifungua koki jikoni, upepo ndio unaokusukumia maji, pampu yenyewe imelala. Upepo ukiisha, pampu haina wa kuipokea. Ukifungua koki, inaamka. Ukifunga, inalala. Inaamka, inalala, inaamka. Punda mmoja, mikokoteni miwili. Mwezi mmoja zaidi ingeungua, na kuitoa kule chini kisimani si kazi ya dakika mbili."

"Hapo nimekuamini," Bibi akasema.

Kulitoa lile zee ilikuwa kazi ya jasho. Maji yaliyokuwa yamenaswa kati ya chuma na mpira hayakutaka kutoka. Ilibidi fundi aing'oe pini nzima ya valvu ili hewa iingie juu, ndipo yakaanza kutiririka, polepole, ya rangi ya kutu. Walingoja. Walikunywa chai. Walingoja tena. Hatimaye Dakika Mbili akafungua nati kwa spana ya bomba, akalikumbatia tangi kama mtu anayecheza dansi na shangazi yake, akaliburuta nje. Likaanguka ubavu uani, likamwaga tope lake la mwisho mpaka kwenye miguu ya kiti cha Bibi.

Saa sita ilikuwa inakaribia. Shemeji alisema angefika saa nane. Mama Dereva alihesabu kazi iliyobaki, akahesabu saa.

"Sasa huyu bwana harusi," fundi akasema, akilichania lile la bluu nailoni zake. Akatoa geji ndogo ya mkononi ya kupimia upepo, akaibana juu ya valvu. "Thelathini na nane. Kiwandani hujaza kupita kiasi. Swichi yako inaiwasha pampu presha ikishuka hadi thelathini, kwa hiyo upepo lazima uwe ishirini na nane. Pungufu kwa mbili. Hiyo ndiyo siri ya tangi lolote." Akaibonyeza pini. Fsssss.

Uso wa Mama Dereva ukachanua. Tangu asubuhi alikuwa akijiona mjinga mbele ya spana na nati, na sasa fundi alikuwa akifanya kitu ambacho hata yeye alikijua.

"Hivyo hivyo!" akasema. "Ndivyo marehemu alivyokuwa akifanya. Na mimi sijaiacha kazi yake. Kila Jumamosi natoa, mpaka leo asubuhi nimetoa."

Dakika Mbili akageuza shingo. Kidole kilibaki palepale juu ya pini. "Unatoa nini?"

"Upepo."

"Wa tangi?"

"Wa tangi. Kidogo tu, muda wa kuomba sala fupi."

"Kila Jumamosi."

"Miaka miwili. Sikuruka hata moja. Ile niliyokuwa na homa nilikwenda nimejifunga blanketi."

"Na kurudisha?"

"Kurudisha nini, fundi?"

Fundi alimtazama, mdomo wazi, na upepo ukaendelea kutoka, fsssss, bila mtu yeyote kuusikia, hata Bibi, ambaye masikio yake wakati huo yalikuwa kwenye mazungumzo. "Mama," akasema taratibu. "Upepo ule hautoki kisimani. Ukitoka, umetoka. Usiporudishwa, maji yanaufuata mpira yanauvimbisha, yanauvimbisha, mpaka unapasuka kama puto." Halafu akashtuka. "Lo!" Akaondoa kidole na kuibana geji. Kumi na tatu. "Ona sasa! Umenishangaza mpaka nimelimaliza na hili!"

Lakini Mama Dereva hakuwa akiangalia geji. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, mikono mapajani. Kwikwi ya maji, shawa, kistuli, paja la Bibi, gari linalokuja saa nane. Yote hayo yalitoka kwenye mkono huu, huu uliokuwa ukimwombea mumewe.

"Basi hata yeye alikuwa akiliua," alisema kwa sauti ndogo.

Fundi akajikuna kichwa. "Hapo ndipo nisipoelewa. Alilifunga lini?"

"Lilikaa naye miaka minane."

"Miaka minane anatoa upepo kila wiki na lisife? Haiwezekani. Kuna kitu." Akapekua mfuko wake, akapekua tena, uso ukabadilika. "Na mimi pampu yangu ya upepo nimeiacha kwa mteja wa jana. Bila upepo silifungi, mama. Nikilifunga hivi, mwezi wa tatu tunarudi palepale."

Kabla hajamaliza, honi ililia nje ya geti. Shemeji alikuwa amewahi kwa saa mbili.

*

Aliingia uani akiruka madimbwi, suruali ameishika magotini. Akalitazama tangi zee lililolala ubavu, tangi jipya lisilounganishwa na kitu, tope, mabomba yaliyo wazi, mama yake aliyenyanyua miguu kwenye kiti ili asilowe.

"Shikamoo, Mama. Shemeji, salama?"

"Marahaba," Bibi akasema. "Umekuja mapema. Ofisi imeungua?"

"Nimetaka tuwahi foleni." Akafungua koki ya uani ili aoshe kiatu. Haikutoka hata tone. Akaifunga polepole, na Mama Dereva akaona jinsi alivyoshusha pumzi, kama mtu aliyepata jibu asilolipenda. "Hata maji ya kunawa hakuna."

Dakika Mbili alimsogelea Mama Dereva akijifanya anaokota spana. "Niachie mimi," akanong'ona. "Nitasema limezeeka. Na si uongo, tazama kutu ile."

"Fundi, limeharibiwa na nini?" Shemeji akauliza.

"Uzee, bosi. Vyuma navyo vina umri wao."

Shemeji akatikisa kichwa kukubali. Lilikuwa limekwisha. Mtu mwingine angeshukuru, akaingia jikoni kuosha vikombe. Na Mama Dereva alitamani kushukuru. Akaomba moyoni jambo lipite tu. Lakini aliona kwamba Bibi akibaki kwa maneno yale, kila asubuhi atakapompa chai, atakuwa amempa na uongo kwenye kisosi.

"Si uzee, shemeji," akasema. "Ni mimi." Akasimulia yote, kuanzia lori na matangi ya breki mpaka kijiti cha asubuhi ile. Hakujitetea. Alipofika kwenye paja la Bibi, alilionyesha kwa mkono, akaishia hapo.

Fundi alisoma maandishi ya tangi jipya kana kwamba ni barua ya nyumbani.

"Sasa unaona mwenyewe, shemeji," mdogo wa marehemu akasema hatimaye, si kwa hasira, na huo upole wake ndio uliouma zaidi. "Unajitahidi, kila mtu anajua. Lakini vitu hivi vinataka mtu anayevielewa. Ndiyo maana nasema Mama..."

"Pampu iko wapi?" Bibi akauliza.

"Iko kisimani, Mama, haina shida yo..."

"Si ya maji, wewe. Ya mguu. Ile ya kukanyaga."

Wote wakamgeukia. Bibi alikuwa amekunja kipaji, ameinamisha kichwa upande, kama anayesikiliza kitu cha mbali.

"Marehemu alikuwa akitoa upepo, fsss. Mke wake akenda kanisani. Geti likifungwa tu, anaanza: fya-fyo, fya-fyo, fya-fyo. Kila Jumamosi. Mimi nilidhani anajaza baiskeli yake. Najua mimi ya matangi?"

Dakika Mbili akapiga kofi paja lake. "Ndiyo hiyo! Alikuwa anatoa kidogo aone kama yatatoka maji, halafu anapima na kurudisha. Mtu wa lori yule! Alijua kazi yake. Mama, wewe ulisoma ukurasa wa kwanza tu. Wa pili ulikuwa umeshatoka nyumbani."

Mama Dereva aliinua uso. Mumewe hakukosea. Alikuwa mzima, amesimama pale kibandani na mguu juu ya pampu, na yeye hakuwahi kumwona.

"Hiyo pampu ilikuwa ikining'inia kwenye msumari kibandani," Bibi akaendelea. "Siku ya tatu baada ya mazishi nilisikia mtu akiitoa. Viatu vyake vilikuwa vya ngozi. Vinalia kwii, kwii."

Shemeji alitazama viatu vyake. Halafu akatazama gari lake, nje ya geti. Akajikuna shingo.

"Tairi la nyuma lilikuwa chini," akasema. "Nilisema nitairudisha wiki ile ile."

"Umeirudisha?"

"Iko kwenye buti, Mama."

"Miaka miwili?"

"Miaka miwili."

Dakika Mbili alijaribu kuzuia kicheko kwa kukohoa, akashindwa. Kikamtoka puani. Bibi naye akaanza, tumbo likimtikisika, na Shemeji, akiwa bado na aibu usoni, akajikuta anacheka kwa shingo upande. "Basi tumeliua wawili, shemeji," akasema. "Wewe ulitoa upepo, mimi nikaiba pampu ya kuurudisha."

"Umesimama unacheka nini?" Bibi akasema. "Kailete."

Akaileta. Ilikuwa ya chuma, nzito, na mpini wake ulikuwa bado na kipande cha kitambaa chekundu alichokifunga kaka yake. Shemeji alivua kiatu kimoja na soksi yake bila sababu ya maana, akakunja mikono ya lile shati lililopigwa pasi, akaanza kukanyaga, fundi akiwa ameishika geji.

"Kumi na tano... kumi na nane... Kanyaga, bosi, hii si kompyuta... Ishirini na mbili..."

"Fya-fyo," Bibi akasema, akitikisa kichwa. "Ndiyo yenyewe."

"Ishirini na sita... polepole... ishirini na nane. Simama! Usipumue!"

Shemeji akasimama, jasho likimtiririka, shati limeshikana na mgongo kama karatasi. Mama Dereva alimletea taulo. Akalipokea kwa mikono miwili.

Kazi iliyobaki ilikwenda upesi. Fundi alizungushia nyuzi za bomba utepe mweupe, akakaza nati, Shemeji akimshikia tangi lisimame wima. Koki ya kumwagia ikafungwa, ile ya maji ya ndani ikafunguliwa. Umeme ukarudi. Kule chini kisimani pampu ikanguruma, na mshale wa geji iliyo kwenye bomba ukaanza kupanda: ishirini, thelathini, arobaini. Kwenye hamsini, tak, mara moja, na kimya.

Mama Dereva alikwenda jikoni akafungua koki. Maji yalitoka mazima, ya mkondo mmoja, yamenyooka kama uzi wa fundi cherehani. Alihesabu kwa mazoea. Moja haikuja. Alijaza birika, akajaza sufuria, akajaza ndoo nusu, na ndipo pampu ilipoamka, ikafanya kazi yake kwa utulivu, ikalala.

"Nipeni sabuni yangu," Bibi akasema. "Hapa maneno tu. Mimi naoga."

Akaoga. Mlango ulirudishwa, mkwewe akasimama nje na nguo za kukunja, na safari hii mwanawe akasimama naye, roho mkononi. Ndani maji yalimiminika bila kukatika. Bibi alianza kuimba wimbo wa kanisani, beti zote, hata zile ambazo watu huziruka.

"Shemeji," mwanamume akasema kwa sauti ya chini. "Nikwambie kweli? Wiki nzima sijalala. Nilikuwa nikihesabu zile ngazi. Nitampandishaje? Nimwache na nani mchana? Nilikuwa nakuja huku naomba nikute maji yanatoka." Akajifuta uso kwa lile taulo. "Nilipofungua ile koki ikawa kavu, nilitaka kulia."

"Na mimi nilikuona," Mama Dereva akasema. "Nikadhani umekasirika."

"Mimi? Na nani?"

Bibi akatoka amejifunga kanga mbili, ananukia, mashavu yanang'aa, mkongojo mbele. Akasimama mlangoni mwa bafu kama mtu anayetoa hukumu.

"Mwanangu, nenda uwahi foleni yako. Ngazi zako nisalimie. Ukija wiki ijayo, njoo na maembe, na hiyo pampu unaiacha."

"Naiacha, Mama."

"Basi ninyi mmeshasikia."

Fundi alikusanya vifaa vyake. Getini, Mama Dereva alimuuliza jambo lililokuwa likimkaba. "Na Jumamosi, fundi? Nifanye nini?"

"Kila miezi sita niite, tulipime pamoja, nikufundishe na ukurasa wa pili. Jumamosi nyingine lisalimie tu, mama. Usiliguse."

Wageni walipoondoka, Mama Dereva aliosha ua. Alitumia maji mengi kuliko ilivyohitajika, na hakujuta. Kisha akaingia chumbani kumshukuru Mungu, akapiga magoti kando ya kitanda, akaanza na Bibi, akaja kwa shemeji, akaja kwa mumewe na mguu wake juu ya pampu. Hapo maneno yakamwishia. Akaegemeza shavu kwenye godoro ili ayatafute. Wiki nne alikuwa akilala sikio moja wazi, akisubiri kishindo cha bafuni.

Alisikia, kwa mbali sana, kengele za mfuko wa vifaa zikirudi uani, na sauti ya Dakika Mbili ikiuliza kuhusu spana aliyoisahau. Alitaka kunyanyuka. Miguu haikumsikiliza.

"Shh," Bibi alikuwa akisema mlangoni, kwa ukali na kwa sauti ya chini. "Utaichukua kesho. Mwanangu amelala."